Kufuli la tovuti nalo linauzwa: nani anamdhamini unayempa paswedi yako?

Leo naleta mada ndefu kidogo, haina picha wala umbea wa mastaa, ila nadhani ukiimaliza hutabonyeza tena "endelea" kiholela ukiwa kafe.

Nianze na yaliyonikuta. Siku moja nilikuwa kafe ya mtaani, sitaitaja jina, najaza fomu ya kuomba chuo. Siku ya mwisho ya maombi, foleni mpaka nje, dakika zangu zinakatika. Kufungua barua pepe yangu, kioo kizima kikajaa onyo: muunganisho si salama, cheti cha tovuti hii hakiaminiki. Nikamwita dogo anayesimamia. Akaja, hata hakusoma, akabonyeza pale chini akaniambia, "Kaka, hiyo ipo kila siku, we pita tu." Nikapita. Nikaingiza paswedi yangu.

Wiki haikuisha, akaunti yangu ikaanza kuwaandikia ndugu na washkaji kwamba nimelazwa hospitali, simu yangu imezima, naomba watume hela kwa namba fulani. Shangazi yangu alituma elfu hamsini. Siwezi kuapa kwamba chanzo ni ile siku ya kafe, lakini hakuna sehemu nyingine niliyowahi kuruka onyo kama lile. Hela ya shangazi niliilipa kwa miezi mitatu. Ndipo nikaanza kujiuliza: hicho cheti ni kitu gani, kinatolewa na nani, na huyo anayekitoa nani kasema aaminike?

Nimechimba sana wadau, na nilichokuta ni hiki: imani ile ni biashara kama biashara nyingine. Inanunuliwa, inauzwa, inabadilisha wenyewe, na wewe unayeitegemea wala huulizwi.

CHETI NI KITU GANI HASA

Mimi nina cheti cha kidato cha nne. Ni karatasi tu. Lakini nikienda nacho kuomba kazi, bosi anakiamini hata kama hanijui, kwa sababu analijua Baraza la Mitihani. Ningejichapishia cha kwangu pale steshenari, hata kingependeza kuliko cha kweli, kingekuwa takataka. Thamani ya cheti haimo kwenye karatasi, imo kwa aliyekisaini.

Tovuti nazo ni hivyo hivyo. Ukiandika anwani ya benki au ya barua pepe, kompyuta yako inaongea na seva iliyo mbali, na maneno yako yanapita kwenye mashine za watu wengi njiani, kuanzia ile ruta ya kafe yenyewe. Kwa hiyo yanatakiwa mambo mawili. La kwanza, maneno yavurugwe ili wa njiani asiweze kuyasoma. La pili, uwe na uhakika kwamba unayeongea naye ni benki kweli, maana siri haikusaidii kitu kama huyo unayempa siri ndiye mwizi mwenyewe. Hilo la pili ndiyo kazi ya cheti.

Cheti cha tovuti kinasema: ufunguo huu ni wa tovuti yenye jina hili. Chini yake kuna saini ya kampuni ya vyeti. Brauza yako inaikagua ile saini, kisha inaangalia kwenye orodha yake kama inamjua aliyesaini. Akiwamo, unaingia. Asipokuwamo, unapata lile onyo jekundu.

Sasa hiyo orodha hukuiandika wewe, na mwenye kafe hakuiandika. Inatunzwa na wenye brauza na mifumo ya kompyuta: Mozilla, Google, Microsoft na Apple. Ndani yake kuna vyeti vya mizizi zaidi ya mia moja, vya kampuni na taasisi za nchi mbalimbali. Nenda kaulize watu kumi hapo kafe wakutajie hata kampuni moja iliyomo. Nina hakika utarudi mikono mitupu.

Na kuna tatizo kubwa kwenye mpango huu. Kampuni yoyote kati ya hizo inaweza kusaini cheti cha tovuti yoyote duniani. Benki yako inaweza kuwa mwangalifu kinoma, ikachagua kampuni bora kuliko zote, lakini kampuni nyingine dhaifu ya nchi nyingine ikidanganywa au ikivunjwa na wadukuzi, inaweza kusaini cheti feki chenye jina la benki yako ileile. Kwa miaka mingi brauza ilikuwa inakipokea bila swali. Maana yake usalama wako ulikuwa sawa na wa kampuni dhaifu kuliko zote kwenye orodha.

Ndiyo maana swali la nani anaimiliki kampuni ya vyeti si la matajiri peke yao. Linatuhusu na sisi wa kulipia kwa dakika.

KAMPUNI ILIYOANZIA KWENYE BANDA LA GARI

Watu wengi hawajui kwamba biashara hii ina mkono wa Afrika tangu mwanzo. Mwaka 1995, Mark Shuttleworth, kijana aliyekuwa anasoma Chuo Kikuu cha Cape Town, alianzisha kampuni ya Thawte kwenye banda la gari la nyumbani kwa wazazi wake, Afrika Kusini. Wakati huo kule Marekani kampuni ya VeriSign nayo ilikuwa ndiyo kwanza imezaliwa, mwaka huohuo 1995. Biashara ya kununua vitu kwenye intaneti ilikuwa inaanza, na kila mwenye duka la mtandaoni alihitaji mtu wa kumsainia cheti. Thawte ikakua mpaka ikawa ya pili duniani, nyuma ya VeriSign tu.

Desemba 1999 VeriSign ikaamua kumaliza ushindani kwa njia rahisi. Ikatangaza kuinunua Thawte kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 575. Shuttleworth alikuwa na miaka 26. Aprili 2002 akawa raia wa kwanza wa Afrika Kusini kwenda anga za juu, akiwa amejilipia mwenyewe kwenye chombo cha Warusi, na mwaka 2004 akatuletea Ubuntu, ile programu endeshi ya bure. Mwenyewe simlaumu. Ukipewa mshiko wa namna hiyo kwa kitu ulichoanzia bandani, utakataa?

Lakini tuulizane: VeriSign ilinunua nini hasa? Si majengo. Ilinunua wateja, jina, na juu ya yote ule ufunguo wa kusainia, ambao tayari ulikuwa unaaminiwa na brauza zote duniani. Hapo ndipo penye utamu wa biashara hii. Ukianzisha kampuni mpya ya vyeti leo, unatakiwa ukaguliwe, uombe kuingizwa kwenye orodha, kisha usubiri miaka hadi kompyuta na simu za watu zipate orodha mpya. Ukinunua kampuni ambayo imo tayari, umeruka foleni yote.

Fikiria mhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Watu wanauamini kwa sababu wanamjua mzee aliyeushika. Siku moja mzee anauza ule mhuri kwa jirani, jirani anaendelea kugonga barua, na wino ni uleule. Benki inayopokea barua haijui kwamba mkono umebadilika. Kwenye mtaa hilo haliruhusiwi. Kwenye vyeti vya tovuti ni jambo la kawaida kabisa.

VeriSign haikuishia hapo. Mwaka 2006 ikainunua GeoTrust, mpinzani aliyekuwa anawachukulia wateja kwa bei nafuu, kwa dola milioni 125. Humo ndani lilikuwamo pia jina la RapidSSL. Ikawa mteja aliyekasirika VeriSign akahamia Thawte, au akatoka Thawte akaenda GeoTrust, anahama chumba tu, nyumba ni ileile.

Mwaka 2010 nyumba yenyewe ikauzwa. Symantec, hawahawa wa antivirasi ya Norton ambayo wengi tumeiona kwenye kompyuta za kafe, wakaununua mradi wote wa vyeti wa VeriSign kwa takriban dola bilioni 1.28. Thawte ya bandani sasa ilikuwa na mwenyewe wa tatu. Je, brauza ilikupa taarifa? Haikukupa. Kufuli lilikuwa vilevile.

MIEZI SITA BAADA YA KUUZWA

Kabla sijasema Symantec iliishia wapi, twende Uholanzi kidogo, maana huko ndiko dunia ilipojifunza kwamba mchezo huu unaweza kuumiza watu.

DigiNotar ilikuwa kampuni ya vyeti ya Uholanzi. Ilianzishwa na watu wa taaluma ya unotari, na hata serikali ya nchi hiyo ilikuwa inatumia vyeti vyake kwenye huduma za wananchi. Januari 2011 ilinunuliwa na VASCO, kampuni ya mambo ya usalama wa mtandao, kwa takriban dola milioni 13. Bei ya kutupwa ukilinganisha na za kina Thawte.

Kati ya Juni na Julai mwaka huohuo wadukuzi wakaingia. Wakatengeneza vyeti feki zaidi ya 500 vyenye majina ya tovuti kubwa. Kimoja kilitolewa tarehe 10 Julai 2011 na kilikuwa na nguvu ya kujifanya tovuti yoyote ya Google, Gmail ikiwamo. Tarehe 19 Julai DigiNotar wakagundua kwamba wameingiliwa. Wakafuta baadhi ya vile vyeti, kisha wakanyamaza. Hawakuwaambia wenye brauza, hawakuiambia serikali yao, hawakuiambia dunia.

Mwishoni mwa Agosti mtumiaji mmoja wa Iran akaandika hadharani kwamba brauza yake ya Chrome inampa onyo la ajabu kila akifungua Gmail. Hakupita tu kama mimi, aliuliza. Kumbe Google walikuwa wameiwekea Chrome ulinzi wa ziada kwa tovuti zao wenyewe, ndiyo maana ilishtuka wakati brauza nyingine zilikuwa zinakubali kile cheti bila neno. Uchunguzi wa kampuni ya Fox-IT ulionyesha kwamba anwani za intaneti zipatazo 300,000 zilikutana na cheti kile feki, karibu zote za Iran. Hawa si watu walioibiwa salio la simu. Ni watu ambao barua zao zingeweza kusomwa na mtu aliyekaa katikati, kwenye nchi ambayo barua inaweza kukupeleka jela.

Uchunguzi huohuo ulikuta aibu ndani ya kampuni: seva muhimu hazikuwa na antivirasi, programu zilikuwa za zamani, paswedi ya msimamizi ilikuwa rahisi kukisia. Kumbukeni hii ni kampuni ambayo kazi yake yote ni kuaminiwa.

Kilichofuata kilikwenda haraka ile mbaya. Wenye brauza wakaitoa DigiNotar kwenye orodha. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba waziri wa mambo ya ndani wa Uholanzi akaitisha waandishi wa habari kuwaambia wananchi kwamba tovuti za serikali haziwezi kuhakikishwa tena. Tarehe 20 Septemba 2011 kampuni ikatangazwa kufilisika. Tangu inunuliwe haikutimiza hata miezi tisa.

Sisemi kwamba mauzo ndiyo yaliyoleta wadukuzi. Uchafu ule haukuanza siku ya kusaini mkataba. Ninachosema ni kwamba mauzo hayakuuona, wala hayakuusafisha. Imani ya brauza ilihamia kwa mwenyewe mpya siku ileile, na hakuna aliyesema ngoja kwanza tufungue makabati tuone kuna nini.

MKUBWA NAYE AKAANGUKA

Sasa turudi kwa Symantec. Watu walisema DigiNotar ilikuwa ndogo, mkubwa hawezi kutupwa nje kwa sababu tovuti nyingi mno zinamtegemea. Ukimtoa, nusu ya intaneti inalia.

Septemba 2015 Google wakaona cheti cha google.com ambacho wao hawakukiomba. Kilitoka Symantec, tena kwa jina la Thawte. Symantec wakasema kilikuwa cha majaribio ya ndani, wakawafukuza kazi wafanyakazi waliohusika, na ripoti yao ya kwanza ikataja vyeti 23 tu. Google wakatafuta kidogo wakakuta vingine. Mwezi uliofuata Symantec ikakiri vyeti vingine 164 vya tovuti 76, na vingine 2,458 vya majina ambayo hayajawahi hata kusajiliwa.

Waliokamatwa mara ya kwanza walionywa. Januari 2017 mtafiti mmoja akaibua vyeti vingine vyenye utata, safari hii vikihusu makampuni ya nje ambayo Symantec iliyapa kazi ya kuhakiki wateja kwa niaba yake. Ni kama mwenyekiti wa mtaa amegawa mhuri kwa mawakala wanne halafu haendi kuwakagua. Machi 2017 Google wakasema vyeti vyenye mashaka vinaweza kufika 30,000 vilivyotolewa kwa miaka kadhaa. Symantec wakapinga, wakasema hiyo ni chumvi, vyenye kosa ni 127. Hapo unaona tofauti: mmoja anahesabu makosa aliyoyaona, mwingine anahesabu vyeti vyote ambavyo hakuna anayeweza kuvithibitisha.

Hukumu ikatoka. Chrome ya Aprili 2018 ikaacha kuviamini vyeti vya Symantec vilivyotolewa kabla ya Juni 2016, na Chrome ya Oktoba 2018 ikaacha kuiamini mizizi yao yote ya zamani: VeriSign, Thawte, GeoTrust, RapidSSL. Symantec hawakusubiri mwisho. Agosti 2017 walitangaza kuuza biashara nzima kwa DigiCert, kampuni ya Utah, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2003, kwa dola milioni 950 pamoja na takriban asilimia 30 ya hisa za DigiCert. Mdogo kammeza mkubwa.

Kwa hiyo hesabu ya Thawte ni hii: ilizaliwa 1995 bandani, 1999 ikawa ya VeriSign, 2010 ya Symantec, 2017 ya DigiCert, na 2018 ule mzizi wa zamani ukatupwa na Chrome. Jina lilibaki likiuzwa dukani. Kilichokuwa nyuma ya jina kilishakufa.

WALIONUNUA KWA SIRI

Hao angalau walitangaza. Kuna walionunua kimyakimya. StartCom ya Israel ilikuwa inapendwa na vijana wenye tovuti zao kwa sababu ilitoa vyeti vya bure enzi ambazo vyeti vilikuwa ghali. Mwaka 2015 ilinunuliwa na WoSign ya China bila wenye brauza kuambiwa, ingawa kanuni za Mozilla zinataka mabadiliko ya umiliki yatangazwe. Mwaka 2016 Mozilla wakaanza kuichunguza WoSign kwa makosa mengine: ilikuwa imeandika tarehe za nyuma kwenye vyeti ili kukwepa katazo la teknolojia ya kizamani, na iliwahi kumpa mtu cheti chenye jina la GitHub kwa sababu tu alikuwa na kijitovuti chake ndani ya GitHub. Walipofuatilia, ndipo na ule ununuzi ukajulikana.

Mozilla na Google wakawatoa wote wawili. StartCom, iliyojijengea jina zuri kwa miaka mingi, ikafunga biashara. Kosa la mnunuzi likamzika na aliyenunuliwa.

Kesi nyingine ni ya Ghuba. Kampuni ya DarkMatter ya Falme za Kiarabu iliomba kuingizwa kwenye orodha ya Mozilla. Kwa makaratasi haikuwa imekamatwa na cheti feki hata kimoja. Lakini mwaka 2019 shirika la habari la Reuters lilichapisha habari zilizoihusisha na kazi za upelelezi wa mitandaoni, na Julai mwaka huo Mozilla wakakataa ombi lake. Kuna watu walilalamika kwamba hiyo ni kuhukumu bila ushahidi wa cheti kibovu. Mimi naona Mozilla walikuwa sahihi. Hapa huulizwi tu umefanya nini, unaulizwa wewe ni nani na unamfanyia nani kazi. Mhuri humpi mtu halafu ndiyo uanze kumchunguza.

JE, ANAYEWACHUNGA NI NANI?

Ukiangalia kesi zote hizi, hakuna mahakama iliyoingia, wala serikali iliyowahi kabla ya madhara. Walioamua ni wenye brauza. Silaha yao ni moja: tukikutoa kwenye orodha umekwisha. Juni 2024 Google walitangaza kwamba Chrome itaacha kuviamini vyeti vipya vya Entrust, moja ya kampuni kongwe, kwa sababu ya makosa na ahadi zisizotimizwa kwa miaka kadhaa. Januari 2025 biashara hiyo ya vyeti ikauzwa kwa Sectigo. Na Sectigo wenyewe ni nani? Ni Comodo ya zamani, iliyonunuliwa mwaka 2017 na wawekezaji wa Francisco Partners, ikabadilishwa jina mwaka 2018. Mnaona mtindo? Ukitoka imani, inabaki bei.

Lakini na mchungaji naye ana ng'ombe zizini. Mwaka 2017 Google ilitangaza kuanzisha kampuni yake ya vyeti, na ili kuruka ile foleni niliyoisema juu, ilinunua mizizi miwili kutoka kampuni ya GlobalSign. Kwa hiyo mwenye brauza kubwa kuliko zote ndiye hakimu, na pia ana duka kwenye soko hilohilo. Sijasikia ametumia vibaya nafasi hiyo, ila mdau mwenye akili hasahau nani kakaa wapi.

Mambo mawili yametusaidia sisi wa chini. La kwanza ni daftari la wazi. Baada ya yale ya DigiNotar, wahandisi wa Google walibuni utaratibu ambao kila cheti kinaandikwa kwenye daftari la umma ambalo halifutiki, na tangu Aprili 2018 Chrome inadai kila cheti kipya kiwe kimeandikwa humo. Mwenye tovuti anaweza kuangalia kama kuna mtu kachukua cheti kwa jina lake. Symantec alikamatwa kupitia daftari hilo. Hata wewe ukiwa kafe unaweza kufungua crt.sh, ukaandika jina la tovuti, ukaona vyeti vyake.

La pili ni Let's Encrypt, shirika lisilo la faida la Marekani lililofungua milango kwa umma Desemba 2015, linatoa vyeti bure kwa mashine bila kuongea na mtu. Mamia ya mamilioni ya tovuti yanavitumia. Vyeti vya kawaida vikawa bure, na ile biashara ya kumuuzia kila mwenye duka kufuli la msingi kwa bei ya juu ikapata pigo.

SASA WEWE NA MIMI TUFANYEJE

Kwanza, kufuli halisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Linasema tu kwamba unaongea na tovuti yenye jina hilo. Tapeli naye anaweza kusajili jina linalofanana na la benki yako, akachukua cheti cha bure, akapata kufuli safi. Ndiyo maana mwaka 2023 Chrome ya kompyuta iliiondoa kabisa ile alama ya kufuli, watu walikuwa wanaielewa vibaya. Soma jina la tovuti herufi kwa herufi.

Pili, onyo la cheti lisome. Kama kila tovuti unayofungua inatoa onyo, angalia saa na tarehe ya kompyuta kwanza. Kompyuta nyingi za kafe betri ya ndani imekufa, ukiwasha inarudi miaka ya nyuma, na cheti kinaonekana hakijaanza au kimekwisha. Rekebisha tarehe, mambo yanatulia. Kompyuta ya zamani mno nayo inaweza kuwa haina mizizi mipya. Lakini kama tovuti nyingine zinafunguka vizuri na inayolia ni barua pepe au benki peke yake, toka hapo. Usiingize paswedi, hata dogo wa kafe akikuapia.

Tatu, kumbuka kwamba kwenye kompyuta ya mtu, orodha ya wanaoaminika ni ya mwenye kompyuta. Anayeweza kuisimamia mashine anaweza kuongeza mzizi wake mwenyewe, na usione onyo lolote. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba hata laptopu mpya za Lenovo ziliuzwa zikiwa na programu ya Superfish iliyoweka mzizi wake ndani ili kupachika matangazo. Kwa hiyo mambo ya benki fanya kwenye simu yako mwenyewe, kafe fanya mambo ya kusoma na kuchapisha. Na barua pepe iwekee ule uthibitisho wa hatua ya pili.

Nne, ukiwa na dakika za kubaki, bonyeza ile alama iliyo kushoto kwa anwani, fungua cheti, soma kimetolewa na nani. Kisha tafuta huyo aliyetoa ni wa nani leo, na jana alikuwa wa nani. Mimi siku hizi nafanya hivyo kama mtu anavyogeuza noti kuangalia mstari.

Shangazi aliniuliza swali moja siku namalizia deni lake: "Sasa mwanangu, hiyo kompyuta ilikuonya, na wewe ukamsikiliza nani?" Sikuwa na jibu. Watu wa Iran walionywa na brauza moja tu, na mmoja wao akapaza sauti, kampuni nzima ikaanguka. Sisi tunaonywa kila siku na tunabonyeza endelea.

Naomba kuwasilisha. Wenye kafe na mafundi mliomo humu, tuambieni hapo chini kwenye maoni: mteja akikuita kwa onyo la cheti, huwa unamjibu nini?